Chumvi Nyeupe ya Warineu

Nguruwe wa Kerame walikuwa watatu, na walipomaliza kula hapakuwa na tuta hata moja lililosimama. Viazi vya miezi sita vilifukuliwa, vikatafunwa, na vilivyobaki vikakanyagwa kwenye tope. Irinaki alikuwa amepewa kazi moja tu asubuhi ile: akae kwenye pengo la ua mpaka mumewe arudi na miti ya kuzibia. Alikutwa amelala palepale penye pengo, kichwa juu ya mfuko wake wa kamba, mdomo wazi. Nguruwe walikuwa wamemruka.

Aliyemkuta ni Wayamo, mama mkwe wake.

"Irinaki! We Irinaki! Unaota nini, unaota unakula?"

Irinaki alifumbua macho taratibu, akatazama matuta, akamtazama mama mkwe wake. Hata kushtuka alichelewa.

"Mama, nilikaa tu kidogo."

"Ulikaa tu kidogo! Na nguruwe nao wamekula tu kidogo. Inuka ujionee."

Watu tukakusanyika, maana ua uliovunjika ni sinema ya bure. Kerame akaja kuchukua nguruwe wake. Alikuwa binamu wa Nambaye, mume wa Irinaki, na kwa desturi ilimpasa aanze kwa kuomba radhi. Yeye akasimama kifua mbele.

"Mimi sina cha kulipa," alisema. "Ua ulikuwa na mlinzi. Kama mlinzi amekufa mniambie nije kulia msiba."

Tukacheka. Kerame alipoona tumecheka akapata nguvu, akamgeukia Nambaye aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na miti begani.

"Ndugu yangu, nikuambie ukweli wasiokuambia wengine. Tulitoa nguruwe kumi na wawili kwa mwanamke huyu, wawili wakiwa wangu. Mwaka wa tano huu. Mtoto yuko wapi? Bustani iko wapi? Na hilo la shingoni nalo tulilinunua, au tulipewa nyongeza?"

Irinaki akavuta kanga yake mpaka kidevuni. Alikuja kwetu kutoka ng'ambo ya mto na shingo ya pingili, msichana mwenye mbio, anayepanda mlima na mzigo wa kuni huku anaimba. Sasa pale chini ya koo palikuwa na kitu kama kiazi kidogo kilichofunikwa na ngozi, uso umevimba, sauti imekuwa nzito. Alisikia baridi mchana wa jua kali. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, zote zikiwa na miezi mitano. Tulimwita mvivu. Nasema tulimwita, maana na mimi nilikuwepo penye ua ule na nilicheka.

"Mrudishe kwao," Kerame akamaliza. "Nguruwe warudi, utafute mwingine."

Nambaye alitua miti yake, akaanza kuchimba shimo la mti wa kwanza. Watu walipotawanyika, Irinaki alisogea akamshikia mti ili ausimamishe.

"Baba yake nani," alimwita, ingawa huyo nani hakuwa amezaliwa bado. "Nina miezi mitatu."

Nambaye aliacha kuchimba. Alibaki ameinama vile vile, mikono juu ya mpini.

"Nani anajua?"

"Wewe. Na nguruwe."

Akacheka bila kutaka, kisha akaona mkewe hacheki. "Kesho kutwa tunakwenda zahanati," alisema. "Hii haitoki. Nimekataa."

*

Mzee Warineu, babake Nambaye, alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ya wanaume na alisikia yote kuhusu nguruwe. La mimba aliambiwa jioni ile na mkewe. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na kipande cha chumvi mkononi, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kimefungwa kwa magome yaliyosukwa.

"Mpe," alimwambia Wayamo. Mwenyewe hakuzungumza na mkaza mwanawe ana kwa ana, ndivyo heshima inavyotaka. "Mwambie asipikie watu wengine, ale yeye. Mwili wake umelegea, na mwili uliolegea hukazwa na chumvi. Kabla hawajaenda kwa yule mla samaki wao wa zahanati, ale chumvi."

Ili mtu aelewe uzito wa zawadi ile ingempasa awe amezaliwa kabla ya barabara. Sisi wa zamani tuliiona chumvi ya kwetu ikizaliwa. Matete yalikatwa kando ya kijito wakati wa kiangazi, yakakaushwa, yakachomwa, majivu yakafunikwa. Kisha yalipakiwa ndani ya vibuyu, maji yakamwagwa juu yake yadondoke tone kwa tone. Maji yale yalimiminwa kwenye vihori vya tanuri refu la udongo, na Warineu akakaa nayo siku tano mfululizo, haogi, hamgusi mkewe, anakoleza moto kwa vijiti vidogo vidogo. Sisi watoto tulipita njia ya mbali tusije tukaiharibu kwa kelele. Siku ya sita alitoka na vipande vyeupe, vigumu, ukivigonga vinalia. Watu walitembea siku tatu kuvifuata, wamebeba manyoya ya ndege na nguo za magome. Kipande kimoja kilimaliza ugomvi wa koo mbili. Nikifumba macho leo bado nausikia moshi ule, mtamu na mkali, na nawaza kwamba tulikuwa matajiri na hatukujua.

Kahawa ndiyo iliyoyang'oa matete. Hakuna aliyetulazimisha, tulishika majembe wenyewe. Ya Warineu yaling'olewa na Nambaye, na mzee alikaa juu ya jiwe akitazama. Tangu hapo tukala chumvi ya pakiti kutoka dukani. Warineu aliiita mchanga.

Halafu mwaka mmoja akafanya jambo lililotushangaza. Alimtuma Nambaye anunue pakiti kumi, akazimwaga zote majini, akayachuja maji yale kwa nyasi safi, akayamimina katika tanuri lake la zamani, akakaa nayo siku tano. Ikatoka mikate myeupe ya chumvi kama ile ya kale. Akaifunga kwa magome, akaitundika juu ya moshi ikomae mwaka mzima, maana chumvi isiyokomaa ni aibu kwa mpishi wake. Tulipoiona tulilia, wengine wetu. Kuanzia hapo alipika kila mwaka, na hapakuwa na harusi wala suluhu bila kipande cha Warineu, ijapokuwa kila siku majumbani kwetu tulitumia mchanga. Ni nyumba yake tu iliyokula chumvi yenyewe, asubuhi na jioni, na tuliwaonea wivu.

Irinaki alipokea kipande kile kwa mikono miwili. Akakikwangua na kula, kwa heshima na kwa mapenzi, kila siku.

*

Sakias, daktari wa zahanati, alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye kicheko kikubwa na ulimi usio na mlango. Alimkalisha Irinaki kwenye benchi mbele ya akina mama kumi na wanne waliokuwa wakisubiri.

"Inua kidevu. Juu zaidi, sikuchinji. Sasa meza mate."

Irinaki akameza. Lile la shingoni likapanda na kushuka. Mama mmoja akaguna, mwingine akashika shingo yake mwenyewe bila kujijua.

"Rovu," Sakias akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje walisikia. "Kwenu mnanunua chumvi?"

"Tunanunua," alijibu Nambaye.

"Usinidanganye, bwana. Nyie wanaume wa milimani hela ya bia mnayo, hela ya karata mnayo, ila vijisenti vya chumvi, toea themanini, aah, hiyo mkono unakuwa mzito. Mwanamke anavimba shingo kwa ubahili wako."

Nambaye aliinamisha uso. Wanawake wawili walicheka kwa kuziba midomo. Irinaki, ambaye kwa miezi mingi sauti yake ilikuwa ya kuburuta, akasema kwa uwazi:

"Dokta, mume wangu usimtukane. Hakuna nyumba inayokula chumvi kama yetu. Sisi ni nyumba ya Warineu. Waulize hawa."

"Kweli," wakasema akina mama. "Hao ndio wenye chumvi."

Kicheko cha Sakias kikaisha. Alivuta kiti, akakaa. "Basi hapo mmenishinda," alisema kwa sauti ya chini. Aligeuza kalenda ya mwaka jana, akachora mtu nyuma yake kwa penseli. "Tazameni. Hapa, chini ya kikoromeo, kuna tezi. Ina mbawa mbili kama kipepeo."

"Tezi ndiyo nini?" aliuliza Nambaye.

"Ni kiungo chenye kazi ya kutengeneza. Mwilini ziko nyingi. Ziko juu ya figo, hizo ndizo zinazokurusha ukimkanyaga nyoka. Iko moja chini ya ubongo, ndogo kama punje ya mahindi, nayo ndiyo msimamizi. Kila moja inatengeneza kitu kidogo mno, inakitia kwenye damu. Hicho kinaitwa homoni. Hakina miguu, damu ndiyo inakibeba mpaka kwenye kucha, na kila kinapofika kina neno lake moja. Cha tezi hii ya shingoni kinasema: amka, washa moto, fanya kazi. Kikikosekana, moyo unakwenda taratibu, ngozi inakauka, nywele zinakatika. Mtu anatetemeka juani. Anasinzia hata amesimama."

Irinaki alianza kulia, machozi yanashuka bila sauti.

"Nimekutonesha wapi tena, mama?"

"Kumbe ni ugonjwa," alisema. "Mimi nilidhani ndiyo tabia yangu."

Sakias alijifanya anachonga penseli.

"Ana mimba," Nambaye akasema. "Miezi mitatu. Mbili zimeshatoka."

Penseli ikasimama. "Sikilizeni basi, na hili silisemi kuwatisha. Mtoto miezi hii tezi yake haijaweza kazi. Anakunywa homoni ya mama yake. Ya mama ikiwa hakuna, anaweza kutoka kama wale. Asipotoka, anaweza kuzaliwa hasikii, na asiyesikia hasemi, na akili imelala. Tezi ili ifanye kazi inahitaji madini joto. Udongo wa kwenu hauna, mvua imeyaosha yote yakaja kwetu baharini. Ndiyo maana serikali inayatia kwenye chumvi. Vidonge vya mafuta vyenye madini hayo ninavyo kwa kawaida, ila vimekwisha, na barabara imekatika. Kwa sasa dawa yenu ni chumvi." Akakuna kichwa. "Na nyie mnasema mnaila. Nitakuja kwenu nione."

*

Alikuja siku ya tatu kwa miguu, anahema, na kichupa mfukoni. Kijiji kizima kikajaa uani kwa Warineu. Mzee alikuwa amevaa kofia yake ya manyoya, ile asiyoivaa ila kwa sherehe, kwa sababu aliambiwa kuna mgeni anakuja kuikagua chumvi yake. Alikuwa ameshusha kipande kilichokomaa kuliko vyote na kukilaza juu ya jani la mgomba.

"Hii dawa," Sakias alisema akionyesha kichupa, "ukiidondosha kwenye chumvi inakuonyesha kilichomo. Nileteeni kwanza chumvi ya nyumba nyingine yoyote."

Kerame akaleta pakiti yake, iliyofungwa kwa mpira. Sakias akamimina kidogo kwenye jani, akadondosha tone. Chumvi ikageuka buluu, buluu nzito kama wino. Watu wakaruka nyuma.

"Sasa yako, Mzee."

Warineu mwenyewe akakwangua. Tone likadondoka. Tulisogea mpaka vichwa vikagongana. Chumvi ikabaki nyeupe. Sakias akaongeza tone la pili, la tatu. Nyeupe vile vile.

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kerame alipiga paja. Warineu alisimama, mzee yule aliyekula chumvi nyingi, na sijawahi kumwona mrefu vile.

"Mmeona!" alisema. "Ya dukani imeoza mbele ya macho yenu. Yangu imesimama. Nawaambia kila siku ule ni mchanga, mnanicheka. Mla samaki, karibu, nitakufungia kipande uwapelekee wenzako wa pwani."

Sakias alikuwa mtu wa maneno mengi, na sasa tulimwona akiyatafuta. Alisubiri kelele zishuke, akasogea karibu na mzee, akainamisha kichwa.

"Baba," alisema. Hakuwahi kumwita mtu wa kwetu baba. "Ile buluu ndiyo dawa yenyewe inayojitokeza. Kwenye yako haimo."

"Haimo vipi? Nimeitoa kwenye pakiti hizo hizo."

"Unaifanyaje?"

Warineu akaeleza. Bado alidhani anasifiwa, kwa hiyo alieleza yote: maji, nyasi za kuchujia, vihori, moto wa siku tano, moshi wa mwaka mzima. Alionyesha kwa vidole jinsi ya kuweka kijiti kimoja kimoja ili moto usiruke. Sakias alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga kichupa chake.

"Madini joto ni mepesi, Baba. Kwenye pakiti kavu hukaa. Yakishaloweshwa na kupikwa siku tano, na kutundikwa mwaka mzima, yanaondoka na mvuke. Kadiri unavyoipika vizuri ndivyo unavyoyafukuza."

Warineu aliitazama chumvi yake, halafu, akisahau heshima na miiko, akamtazama Irinaki moja kwa moja, akaitazama shingo yake.

"Mimi," alisema.

"Hukujua, Baba," alisema Irinaki, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusemeshana.

"Wazee wetu walikula chumvi ya tanuri na shingo zao zilikuwa safi!" Kerame akadakia kutoka nyuma. Hata yeye hakutaka iwe hivyo.

"Shingo za nani?" Wayamo akamgeukia. "Shangazi yangu alikuwa na shingo kama kibuyu. Mwanawe hakutamka neno mpaka tunamzika. Nyie mnakumbuka manyoya na ngoma tu." Akafungua kitambaa alichokuwa akijifunga shingoni hata wakati wa joto. Chini yake na yeye alikuwa nalo, kubwa kuliko la Irinaki.

Warineu alilitazama kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mume wangu? Tangu matete yang'olewe ulikuwa hucheki. Ulipoanza kupika tena, ukacheka. Ningesema nini?"

Mzee alivua kofia ya manyoya, akaiweka juu ya jani la mgomba kando ya chumvi, akaingia nyumba ya wanaume.

*

Kesho yake asubuhi Sakias alimkuta kwenye benchi la zahanati, wa kwanza kabisa, katikati ya akina mama. Alikuwa ametembea peke yake.

"Nina swali moja," alisema. "Umesema tezi haina cha kutengenezea. Kama haina, ingekonda. Mbona inavimba?"

Sakias aliitoa ile karatasi ya kalenda. "Huyu wa chini ya ubongo, msimamizi, anaonja damu. Akiona homoni ya shingoni ni chache, anatuma homoni yake mwenyewe kuiamrisha: tengeneza! Isipotengeneza, anatuma tena, kwa nguvu zaidi. Hajui kwamba madini hayapo. Tezi nayo ni mtiifu. Inaamini kosa ni lake, basi inajiongeza, inajitanua, ili ifanye kazi zaidi."

"Inaongeza tanuri."

"Ndiyo, kama kuongeza tanuri."

"Na ndani ya vihori hamna kitu."

"Hamna, Baba."

Warineu aliitazama ile picha ya penseli kwa muda mrefu. Aliweka kidole kwenye kile kipepeo cha shingoni, taratibu.

"Kumbe naye ni mpika chumvi," alisema. "Anapika maji matupu, usiku na mchana, na anadhani anawalisha watu." Akasimama. "Maskini."

Hakuivunja mikate yake. Wengi tulidhani ataitupa mtoni. Aliihamishia upande wake katika nyumba ya wanaume na akatangaza kwamba hiyo ni yake peke yake, mtu asiiombe. Akaanza kula kando na jani lake mwenyewe. Kwetu mtu anayekula chumvi peke yake ana jina baya, na jina hilo Warineu, aliyekuwa mgawaji wa bonde zima, alijitwika. Harusi ya binti wa Kerame ilipita bila kipande. Kerame alinunua pakiti kumi akazipanga juu ya majani, na hakuna aliyejua aziangalie vipi.

Barabara ilipofunguka vidonge vilikuja, na Irinaki akavimeza mbele ya Sakias. Mwezi wa tano ukaja, mwezi wa Nambaye kutokula wala kulala, ukapita. Wa sita ukapita. Irinaki akaanza kuamka kabla ya jogoo. Matuta yakasimama tena, marefu kuliko ya mtu yeyote. Akarudisha ulimi wake wa ng'ambo ya mto, mpaka Wayamo akalalamika: "Huyu sasa anaongea hadi basi. Afadhali alipokuwa analala." Wakacheka pamoja, shingo zao zikipungua kidogo kidogo, ingawa ya Wayamo haikuisha.

Mtoto alizaliwa kwenye kibanda cha wanawake ng'ambo ya kijito, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi kukanyaga. Warineu alikuwa amekaa juu ya jiwe upande huu tangu asubuhi, pale pale yalipokuwa matete. Kilio kilipofika kilikuwa kikali na chenye hasira.

"Analia!" Nambaye alipiga kelele. "Baba, unasikia? Analia!"

"Mimi nasikia," alisema Warineu. "Je, yeye?"

*

Alikuwa msichana, na akaitwa Nerawe. Sakias alipiga makofi nyuma ya kichwa chake akageuka, sote tukashukuru. Akakaa, akatambaa, akasimama. Lakini maneno hayakuja. Mwaka mmoja na miezi minane, na mtoto ananyoosha kidole tu na kuguna. "Wengine huchelewa," Kerame alisema, na ni yeye huyo aliyesema arudishwe mama yake. Mtoto akicheza uani, Warineu alimsikiliza kama mtu anayesikiliza kama mvua imeanza. Alikuwa amekonda. Katika mikate yake kilikuwa kimebaki kipande kimoja.

Mchana mmoja wa jua alikuwa amekaa mlangoni pake anakula, kiazi kwenye jani, anakwangua chumvi kwa kisu. Nerawe akaja kwa hatua zake za kuyumba, akasimama mbele yake. Alitazama ule unga mweupe unaodondoka. Akafungua kiganja.

"Chumvi," alisema.

Kisu kikasimama. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale nikianika kahawa, na nililisikia, limenyooka, halina doa.

"Babu. Chumvi."

Maishani mwake Warineu hakuwahi kumnyima mtu chumvi. Aliwapa maadui, aliwapa wezi waliokamatwa, aliwapa wageni asiojua lugha yao. Sasa aliweka kiganja chake juu ya kile kipande cha mwisho, akakifunika chote.

"Hapana, mama yangu," alisema. "Hii hupewi."

Nerawe akaangua kilio. Irinaki akaja mbio kutoka bustanini, mikono imejaa udongo.

"Baba, kuna nini? Amefanya nini?"

"Ameongea," Warineu alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu, na alikuwa anacheka. "Ameniomba chumvi kwa mdomo wake."

"Ukampa?" Uso wa Irinaki ulibadilika.

"Nimemnyima."

Wakatazamana. Mtoto alikuwa bado analia, kiganja wazi, anarudia neno lile lile moja kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyetaka kumnyamazisha.

Warineu alikisogeza kile kipande pembeni, mbali na jani lake. "Nenda ukaniletee ile yenu," alisema. "Ile ya pakiti." Irinaki alipoileta, alichota kwa vidole viwili, akainyunyiza juu ya kiazi, akakimega, na upande mkubwa akampa Nerawe.